Mkono Unaobariki



Wapendwa wasikilizaji, mwaka 2017 Waprotestanti wa Ujerumani waliadhimisha miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa. Katika mji wa Wittenberg waliweka roboti ya kutoa baraka, yenye kichwa, mikono miwili na kioo cha kugusa kifuani. Mtu alichagua lugha, akachagua sauti ya kiume au ya kike. Ndipo mashine ilipoinua mikono, viganja vikatoa mwanga, ikatamka baraka. Mwaka 2019, hekalu la Kibudha la Kodaiji, huko Kyoto, Japani, nalo lilianza kutumia roboti yenye umbo la binadamu kuhubiri.

Je, mashine za namna hii zatuongezea maana ya maisha, au ni burudani tu? Walioiweka ile ya Wittenberg walitaka watu wajiulize kama mtu aweza kubarikiwa na mashine.

Tusimdharau aliyeguswa moyo mbele yake. Maneno mema ni mema hata yakitoka katika chuma. Na hii redio unayoisikiliza nayo ni mashine. Lakini kubariki ni kumtakia mwenzako mema, na kutaka ni kazi ya moyo. Roboti haikuacha shamba lake ili ije kwako. Haikukatiza usingizi wake. Haikuweza kukataa, kwa hiyo haikukubali. Mwenyezi Mungu alipotaka kutuokoa hakutuletea sauti peke yake. Alimtuma Mwanawe, akachoka njiani, akamlilia rafiki yake aliyekufa, akamgusa mwenye ukoma kwa mkono wake.

Sasa mfikirieni mzee mgonjwa katika jumuiya yenu. Huenda leo mwenzake ni redio tu. Mara ngapi tumemfikia tukasoma sala mbio mbio, macho yakiwa mlangoni, tukaondoka bila hata kumwuliza amelalaje? Siku hiyo alitembelewa na mashine, na mashine hiyo ni sisi.

Basi, makatekista na wanajumuiya, kipindi hiki kikiisha, zimeni redio mwende kwake. Kaeni. Mshikeni mkono. Isikilizeni hadithi yake, ijapokuwa mmekwisha kuisikia. Nawe mgonjwa unayetusikiliza, utuombee, maana sala yako imekugharimu maumivu, na hiyo hakuna mashine iwezayo kuisali.

Mungu awabariki nyote. Amina.