Jukwaa la Kamirithu

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi wapiganaji na askari polisi mnaotusikiliza makambini na vituoni, mazungumzo yetu ya leo yanahusu jirani zetu wa Kenya, na jinsi uwanja mmoja wa kijiji ulivyogeuzwa kuwa jambo la usalama wa nchi.

Kijiji cha Kamirithu, karibu na Limuru, hakikuanzishwa kwa hiari ya wenyeji wake. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, utawala wa Kiingereza uliwaondoa wakulima mashambani mwao na kuwakusanya vijijini ili wachungwe na watengwe na wapiganaji wa Mau Mau. Ekari nne zilizotengwa baadaye kwa ajili ya vijana zilibaki karibu tupu, isipokuwa banda bovu la udongo.

Mwaka 1977 ardhi hiyo ilipewa maana nyingine. Wakulima na wafanyakazi walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi, lenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 2,000. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walikuwa wameandika mchezo kwa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji, ambao waliijua lugha yao kuliko wasomi, wakawasahihisha waandishi papo hapo. Kisa chenyewe ni cha Kiguunda, mkulima maskini anayeshawishiwa kuweka rehani ekari yake moja na nusu ili apate fedha za harusi ya kanisani, na hatimaye ardhi ikampotea. Watazamaji hawakuhitaji kufafanuliwa.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, akaachiliwa Desemba 1978. Wanakijiji walipojaribu mchezo mwingine mwaka 1982 walinyimwa kibali, na mwezi Machi polisi wakapelekwa Kamirithu. Ngugi ameandika kuwa walifika kwa malori matatu, wakiwa na silaha, wakalibomoa jukwaa lote.

Askari hupokea amri, wala hatusemi kwamba serikali haina haki ya kulinda amani. Lakini hapana budi tuulize ni hatari gani iliyokuwapo pale. Palikuwa na mbao, na wakulima wakizungumza juu ya ardhi yao. Askari wa mkoloni alitumwa kuwakusanya watu hao. Askari wa taifa huru akatumwa kuwatawanya. Mzee aliyeyaona yote mawili asingeona tofauti kubwa zaidi ya ile ya sare. Tena yafaa ikumbukwe kuwa jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti mwaka huo huo lilitokea katika Jeshi la Anga. Halikutoka katika jukwaa la kijiji. Macho ya dola yalikuwa yameelekezwa kwingine.

Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau, aliyeuongoza mchezo ule, walikimbilia Zimbabwe. Ngugi wa Thiong'o aliishi ughaibuni miaka mingi, akafariki mwaka 2025. Mwezi Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilichezwa tena, katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, Nairobi, mbele ya watazamaji walionunua tiketi. Huko Kamirithu, mahali palipokuwa na jukwaa, palijengwa chuo cha ufundi.