Jino Likinyamaza, Halijapona

Jino lililouma usiku kucha huweza kunyamaza lenyewe. Mwenyewe hushukuru, akarudi kazini. Mara nyingi huko si kupona: neva ya jino imekufa, na usaha unaendelea kujikusanya kwenye mzizi.

Dawa za maumivu hutuliza tu, na antibiotiki pekee haziondoi uozo ulio ndani ya jino. Njia ni mbili: kung'oa, au kutibu mzizi ili jino libaki. Katika kutibu mzizi, daktari wa meno hutia ganzi, hutoboa jino, husafisha mifereji ya mzizi, kisha huiziba.

Huenda mgonjwa akahitajika kurudi. Asiache kwa kuwa maumivu yamekwisha. Kizibo cha muda hulegea, na viini huingia tena. Gego likishatibiwa, kwa kawaida hufunikwa kwa kofia ngumu lisipasuke. Ulizeni mapema gharama ya yote mawili.

Uvimbe ukifika jichoni au shingoni, au mgonjwa akishindwa kumeza au kupumua, apelekwe hospitali mara moja, hata iwe usiku wa manane.