Maji Yatoayo Chumvi Katika Udongo

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za kazi ambayo wengi huku Ugogo wameiona tangu utoto, wala hawakuuliza sababu yake.

Wakati wa kiangazi, maji ya mbuga ya Bahi yanapopungua, ukoko mweupe huonekana juu ya udongo. Kwa desturi ya zamani watu huukwangua na kuutia katika chombo chenye matundu chini, kisha humimina maji juu yake. Maji hupenya polepole. Udongo hubaki, chumvi hutoka pamoja na maji. Maji hayo huchemshwa hata yakauke, na chumvi hubaki chunguni.

Neno la kuangaliwa hapa ni kipimo cha maji. Ya kwanza hutoka makali. Yafuatayo hupungua ukali, hata mwisho hayana ladha. Sisi chuoni tulijaribu siku moja, tukamimina debe zima juu ya udongo wa karai moja, kwa tamaa ya kuipata chumvi yote. Tulichochea moto tangu adhuhuri hata magharibi. Kuni zikatuishia, na maji yangali chunguni. Katika nchi kame kama hii yetu, hasara ya kuni si ndogo. Mara ya pili tulitia yai bichi katika maji yaliyotoka: lilipoelea, tuliyachemsha, lilipozama, tuliyamimina juu ya udongo mpya, yakazidi ukali. (Yai lenyewe lilirudi jikoni salama.)

Lakini maji hayatoi kila kitu. Twangeni majani mabichi, myaloweke majini: rangi haitoki vema. Yaloweke katika spiriti, nayo hugeuka kijani. Mikhail Tswett, Mrusi mwenye elimu ya mimea aliyefanya kazi Warsaw, alieleza mwaka 1906 jinsi alivyojaza unga wa chaki katika bomba la kioo, akamimina juu yake rangi ya majani, kisha kimiminiko safi cha kuisukuma. Rangi moja ya manjano ilitangulia kushuka. Zile za kijani zilishikwa nyuma na chaki. Hapo rangi za jani zilionekana wazi zimetengana.

Walimu mwaweza kulijaribu jambo hili kwa chaki ya ubaoni. Isimamisheni katika spiriti kidogo yenye rangi ya majani, mbali na moto, maana spiriti huwaka upesi. Rangi zitapanda polepole, na baada ya muda mtaona manjano ikijitenga na kijani.