Bei ya Hisa: Maana Yake na Namna Inavyopatikana



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hulisikia katika taarifa za habari, nalo ni bei za hisa. Hutangazwa kuwa hisa za kampuni fulani zimepanda na za nyingine zimeshuka, na wako miongoni mwetu walioweka humo akiba ya Hija au karo za watoto bila ya kufahamu kilichopanda ni kitu gani. Basi na tulitazame jambo hili tangu msingi wake.

Hisa ni fungu la umiliki katika biashara. Anayeinunua hakuikopesha kampuni fedha, bali amekuwa mshirika: kampuni ikifanikiwa hutarajia gawio, na ikiharibikiwa hasara humfikia kwa kadiri ya fungu lake. Ndiyo maana Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jidda mwezi Mei 1992, liliona kuwa asili ya kushiriki katika kampuni zenye shughuli za halali ni ruhusa, na likakataza zile ambazo lengo lake kuu ni haramu, kama vile riba.

Ama bei yake, hupatikana katika hatua mbili. Hatua ya kwanza ni pale hisa zinapouzwa kwa umma kwa mara ya mwanzo. Hapo muuzaji na washauri wake hukadiria mali ya kampuni, madeni yake na faida inayotarajiwa, kisha hupanga bei ya kila hisa.

Hatua ya pili ni sokoni, na huko kampuni yenyewe haipangi tena. Tuchukue mfano. Mtu mmoja amemwagiza dalali wake anunue hisa 200 kwa shilingi 500, asizidishe. Mwingine anauza hisa 300 kwa shilingi 510, wala hapunguzi. Hapo hakuna biashara. Akitokea wa tatu aliye tayari kutoa shilingi 510, mapatano yametimia, na kutokana na mapatano kama hayo ndipo bei hutangazwa. Kwa hiyo katika soko lenye wanunuzi wachache, bei yaweza kukaa siku nyingi bila ya kubadilika, si kwa sababu kampuni imetulia, bali kwa sababu hakuna aliyenunua wala aliyeuza.

Na kinachomfanya mtu aongeze au apunguze ni makadirio yake juu ya kesho: faida itakuwaje, gawio litakuwa kiasi gani, hali ya uchumi itaelekea wapi. Huingia pia hofu na tamaa. Bei basi ni rai ya watu kuhusu biashara. Siyo biashara yenyewe.

Tena bei peke yake haituambii kama hisa ni rahisi au ni ghali. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, ambazo ni robo ya hisa zote, kwa shilingi 5 kila moja. Wengi walisema shilingi 5 ni kitu kidogo. Lakini hisa zote zilikuwa bilioni 40, na ukizidisha utaona kuwa kampuni nzima ilithaminiwa kwa shilingi bilioni 200. Swali lilikuwa: je, biashara ile ilistahiki thamani hiyo?

Hisa hizo zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi tarehe 9 Juni 2008, na bei ikapita shilingi 7. Kabla ya mwaka kutimia ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Mwezi Agosti 2021 ilipita shilingi 40, na mwaka 2023 ikarudi chini ya shilingi 15. Aliyenunua kwa fedha yake na kusubiri, aliweza kuyastahimili mawimbi hayo. Ama waliokopa benki ili wanunue, bei ilipoanguka deni halikuanguka pamoja nayo, na riba iliendelea kuhesabiwa. Hao walibeba dhambi na hasara kwa pamoja.

Liko na jambo lingine. Mtume (s.a.w.) alikataza najash, nako ni mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua ili wengine wahadaike. Anayeeneza uvumi kuwa kampuni fulani itapanda, ilhali anatafuta wa kumuuzia hisa zake, yumo katika njia hiyo hiyo. Tusiwe wasemaji wa uvumi huo, wala tusiwe windo lake.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kabla ya kuuliza bei tuulize haya: Kampuni hii inafanya biashara gani, na je, ni ya halali? Faida yake kwa kila hisa ni kiasi gani? Inadaiwa kiasi gani? Na fedha yetu hii, twaweza kuishi bila yake kwa miaka kadhaa? Majibu ya maswali matatu ya mwanzo hutafutwa katika hesabu ambazo kampuni zilizo sokoni hulazimika kuzitangaza. Jibu la nne limo majumbani mwetu, na tusilifiche.