Mshahara wa Bawabu na Kodi ya Nyumba



Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja alisema ya kuwa bawabu wa New York hupata fedha nyingi kupita karani wa kwetu, basi hana haki ya kunung'unika. Neno hilo limetukaa moyoni, nasi twaomba ruhusa kulitazama kwa hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu.

Mabawabu hao husimama mlangoni pa majumba marefu ya kupanga, usiku na mchana. Hupokea wageni na vifurushi. Mnamo Aprili 2022 chama chao, kiitwacho 32BJ, kilifanya mapatano ya miaka 4 na wenye majumba. Ilikadiriwa kwamba mwisho wa mapatano hayo mshahara wa bawabu ungefika dola 62,000 hivi kwa mwaka. Kwa masikio ya kwetu huo ni utajiri.

Lakini ugawe kwa miezi 12, utapata dola 5,166, na Serikali haijatwaa haki yake. Katika kiangazi cha 2023 nyumba ya bei ya kati huko Manhattan ilipita dola 4,000 kwa mwezi. Tena wenye nyumba wa mji ule wana desturi ngumu: wengi hawampangishi mtu ila mapato yake ya mwaka yatimie kodi ya mwezi mara 40. Kwa kodi ya dola 4,000 yatakiwa 160,000. Mwenye 62,000 atakubaliwa nyumba ya dola 1,550. Basi mlango aufunguao kutwa hawezi kuupita akiwa mpangaji.

Wako waihesabuo bakshishi ya Krismasi kuwa mshahara. Sisi hatukubali. Bakshishi yategemea moyo wa mtoaji, na mwenye duka hangoji Krismasi.

Lililo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni matibabu. Mwaka 2022 wenye majumba walitaka wafanya kazi watoe sehemu ya malipo ya bima. Chama kikakataa, kikajitayarisha kugoma, kama mwaka 1991 walipogoma siku 12. Na bima ikaendelea kulipwa yote na waajiri. Na yule asiye na chama? Kima cha chini mjini humo mwaka 2024 kilikuwa dola 16 kwa saa. Saa 40 kwa juma, majuma 52: dola 33,280.

Sasa tuje kwetu. Barua ya chama juu ya posho ya nyumba imekwisha andikwa, walakini mahali pa tarakimu pangali patupu. Twaomba kila mwanachama aandike, pasipo jina, kodi aliyolipa mwezi uliopita, nauli, unga, mkaa na ada ya shule, ampe Katibu kabla hajaondoka leo. Karatasi ziko mezani karibu na mlango.