Nyumba ni Yako, Lakini Mpaka Lini?



Mtu akisema "nyumba hii ni yangu", huwa tunatosheka. Leo nakuomba uongeze maswali mawili: ni yako mpaka lini, na baada yako itakuwa ya nani?

Sisi wa Dodoma swali la kwanza tunalijua. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, iliyoundwa 1973, ilimpa mwananchi kiwanja kwa mkataba wa miaka 33. Mtu alijenga kwa jasho lake huku akihesabu miaka. CDA ilipovunjwa Mei 2017, iliamuliwa hati hizo ziwe za miaka 99. Ni afadhali kubwa, lakini nazo zina ukomo.

Iko miliki nyingine ambayo haipimwi kwa miaka, bali kwa uhai wa mtu. Sheria ya mila iliyoandikwa 1963 ilimwacha mwanamke atumie shamba la ukoo maisha yake, lakini asiliuze maadamu wanaume wa ukoo wapo. Bibi mmoja wa Muleba, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, aliliuza 1988 ili apate matunzo ya uzeeni. Jamaa wa ukoo akamshtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kizuizi hicho ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Mauzo yakasimama.

Na mjane je? Sheria hiyo hiyo inasema fungu lake ni kutunzwa na watoto. Ni maneno matamu watoto wakiwa wema. Lakini marehemu aliyesema kwa mdomo tu, "mama yenu akae humu mpaka afe", anamwachia mkewe nini? Arobaini ikipita, mnunuzi yuko uani anapima kiwanja.

Baba, kama mlijenga pamoja, andikisheni hati kwa majina yenu wote. Sehemu ya mama ni haki yake, si hisani. Kama nyumba ni yako peke yako, andika wosia mbele ya mashahidi: mama aishi humu maisha yake yote, nyumba isiuzwe akiwa hai, na baada yake iwe ya watoto, wa kike kwa wa kiume. Taja pia nani atalipa kodi ya ardhi na nani ataziba bati likivuja, maana ugomvi huanzia hapo.

Mali bila daftari hupotea bila habari.