Simfoni Moja, Mikono Mingi

Leo nataka tuzungumze juu ya muziki ambao wengi wetu huusalimu mlangoni tu bila kuukaribisha ndani. Nasema juu ya simfoni, yaani utungo mrefu wa okestra, ambao kwa kawaida hauna maneno ya kuimbwa. Mtu huisikiliza mara moja, nusu saa na zaidi, kisha husema, "Haya ni makelele ya Wazungu, mimi sioni kitu." Haya, ndugu yangu. Lakini je, umeisikia simfoni yenyewe, ama umesikia okestra moja ikiipiga siku moja?

Mliowahi kuhudhuria Tamasha la Muziki la Kenya mtanielewa upesi. Wimbo wa lazima ni mmoja, na kwaya hupanda jukwaani moja baada ya nyingine kuuimba. Kwaya ya kwanza ikimaliza, huna la kusema. Ikifika ya tano au ya sita, hata mama aliyekuja kumtazama mwanawe tu huanza kunong'ona: "Hawa wamekimbia mno. Wale wa kwanza waliacha pale katikati papumue." Nani alimfundisha? Ni wimbo ule ule, uliomjia kwa vinywa mbalimbali.

Basi tuitwae simfoni ya tano ya Ludwig van Beethoven. Wanakwaya mnaosoma sol-fa, imbeni pamoja nami: mi mi mi do, re re re ti. Noti tatu fupi na moja ndefu, mara mbili. Karibu sehemu yote ya kwanza imejengwa kwa matofali hayo manne. Lakini juu ya ile noti ndefu mtunzi aliweka alama ya kushikilia, wala hakuandika ishikwe kwa muda gani. Hapo kila mwongozaji wa okestra hana budi kuamua mwenyewe. Yuko anayeigusa na kuendelea mbio, na yuko anayeining'iniza hata msikilizaji akabana pumzi.

Mwendo nao ni habari nyingine. Mwaka 1817 Beethoven alichapisha kipimo chake: mapigo 108 kwa dakika, na kila pigo moja linachukua baa nzima. Hiyo ni kasi kweli kweli! Wengi walisema haiwezekani, na wengine wakasema kwamba masikio ya mzee yalikuwa yamekwisha kuharibika. Carlos Kleiber, aliporekodi na okestra ya Vienna Philharmonic mwaka 1974, alimaliza sehemu ya kwanza kwa dakika saba na kidogo tu. Otto Klemperer, katika rekodi yake ya mwaka 1959 huko London, alikwenda kama mtu mzito anayepanda ngazi za mawe, akakaribia dakika tisa. Noti ni zile zile. Mimi mgeni humwanzisha kwa Kleiber, maana hamwachi mtu asinzie. Lakini ni Klemperer aliyenisikilizisha sauti za ndani, zile ambazo mwendo wa kasi huzipitia bila kuzisalimu.

Iko pia rekodi ya Wilhelm Furtwängler, ya Berlin, Mei 1947. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu, na ukumbi wa okestra ile, Berlin Philharmonic, ulikuwa umeteketezwa kwa mabomu mwaka 1944. Yeye mwenyewe alikuwa amezuiliwa kuongoza hadi kesi yake ya mambo ya utawala wa Hitler iamuliwe, na siku hizo ndipo aliporudi mbele ya okestra yake. Sauti ya rekodi si safi, na mwendo huyumba, mara polepole mara mbio. Usianze na hii. Ukiijia baada ya nyingine, utasikia watu ambao hawapigi muziki kwa kujifurahisha tu.

Kongwe kuliko hizo ni ya Arthur Nikisch, ya mwaka 1913, iliyojaza pande nane za santuri. Maikrofoni za kurekodia zilikuwa bado, hivyo wapigaji walisongamana mbele ya pembe kubwa ya kupokea sauti. Inakwaruza kama mahindi yanayokaangwa. Hata hivyo, zile noti nne utazitambua mara moja.

Nawaonya jambo moja. Rekodi ya kwanza tuipendayo hugeuka sheria masikioni mwetu. Ni kama mtu aliyelelewa na wimbo fulani wa ibada ukiimbwa polepole, kisha akatembelea usharika mwingine akaukuta unaimbwa kwa makofi; moyoni husema, "Hawa wanauharibu." Huenda wanauharibu kweli. Lakini subiri mara ya tatu kabla ya kuhukumu. Katika sehemu ya kwanza ya simfoni hii uko mlio mmoja ambao mwanzoni hupigwa na baragumu, na unaporudi Beethoven aliwaandikia wapiga basuni, ile zumari ndefu ya sauti nzito. Waongozaji wengi waliona basuni ni dhaifu hapo wakaurudisha kwa baragumu. John Eliot Gardiner, aliyetumia vyombo vya namna ya zamani katika miaka ya 1990, aliziacha basuni. Asiyesikia ila rekodi moja hatajua kwamba hapo pana ubishi.

Wale wa kwanza kabisa hawakuwa na nafasi hiyo. Tarehe 22 Desemba 1808, mjini Vienna, waliisikia mara moja, katika ukumbi wenye baridi kali, ndani ya onyesho la saa nne hivi, na wapigaji hawakuwa wamefanya mazoezi ya kutosha. Wakaenda nyumbani. Sisi tunazo santuri, kanda, na siku hizi hata simu ya mkononi.

Jioni ya leo, basi, usianze na simfoni nzima. Tafuta pale sehemu ya tatu inapoingia katika ya nne bila kusimama. Fidla zinashuka hata karibu zinyamaze. Ngoma inagonga taratibu gizani. Halafu tromboni, zilizokaa kimya tangu mwanzo, zinaingia pamoja na wengine wote. Sikiliza kwa Kleiber, kisha kwa Furtwängler, na uangalie ni nani anayekuchelewesha zaidi pale kwenye ngoma.